Makofi Mawili ya Sidney Poitier

Mwaka 1956, Kenya ikiwa ingali chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, Jomo Kenyatta yu kifungoni Lokitaung, na maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu wamezungushiwa seng'enge katika kambi na vijiji walivyolazimishwa kuhamia, ilifika nchini humo jamaa ya watu wa sinema kutoka Hollywood, mkubwa wao Richard Brooks, kwa madhumuni ya kupiga picha za filamu iliyotokana na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Something of Value. Miongoni mwao alikuwamo mwanamume mrefu mweusi wa miaka 29, mwenye mwendo wa taratibu na macho ya kuchungua, jina lake Sidney Poitier, aliyepewa sehemu ya Kimani wa Karanja, kijana wa Kikuyu aliyekulia pamoja na mtoto wa mlowezi, wakicheza na kuwinda pamoja kama ndugu, hata siku moja shemeji wa yule rafiki yake Mzungu akampiga kofi la uso. Kimani hakulirudisha. Alilimeza, akatoroka, akaangukia mikononi mwa watu wa msituni, wapiganaji wa Mau Mau, na sehemu kubwa ya hadithi iliyosalia, pamoja na damu yake, ilitoka katika kofi hilo moja.

Yapasa kusema kweli juu ya filamu hiyo, kwani wako walioisifu kupita kiasi na wako walioilaani bila ya kuiona. Ruark alikuwa Mmarekani mpenda uwindaji, na riwaya yake aliiandika kwa jicho la mgeni aliyekula mezani kwa walowezi. Sinema nayo imerithi jicho hilo: imejaa viapo, mapanga na hofu ya nyumba za Wazungu usiku, ilhali katika vita vile walowezi waliouawa walikuwa 32, na hesabu ya serikali yenyewe ya wapiganaji wa Mau Mau waliouawa ilizidi 11,000, mizani ambayo mtazamaji aliyelipa kiingilio chake London au New York hakuonyeshwa. Lakini Brooks alikuwa mtu mwadilifu kuliko kitabu alichopewa, akamjaalia Kimani sababu. Na Poitier, ambaye hakuwa na usemi juu ya mchezo ulioandikwa na wengine, alifanya jambo moja lililo katika uwezo wa mchezaji, nalo ni kulipokea kofi lile kwa namna ambayo mtazamaji, hata awe mlowezi, anajua palepale ya kuwa deni limeandikwa. Uso hauchezi, mkono hauinuki, ila shingo inakaza kidogo. Kwa muda wa miaka kumi iliyofuata kazi ya mtu huyu, ukiitazama kwa mfululizo wake, ni safari ya kutoka kofi hilo hadi kofi jingine.

Poitier alizaliwa Marekani lakini hakulelewa huko. Wazazi wake, Reginald na Evelyn, walikuwa wakulima wa nyanya katika Cat Island, kimojawapo cha visiwa vya Bahama, na desturi yao ilikuwa kuvuka bahari hadi Miami kuuza mavuno. Na katika safari moja ya namna hiyo, tarehe 20 Februari 1927, Evelyn alishikwa na uchungu kabla ya wakati, akazaa mtoto njiti ambaye uzito wake haukutimia ratili tatu. Baba, aliyekwisha kuzika watoto wengine, alitoka kutafuta jeneza, nalo halikuhitaji kuzidi ukubwa wa kisanduku cha viatu. Mama alikwenda kwa mpiga ramli, na mpiga ramli akamwambia ya kuwa mtoto ataishi na jina lake litafika mbali. Poitier mwenyewe aliisimulia habari hii katika vitabu vyake pasipo kuicheka wala kuitilia chumvi, na sisi wa pwani, ambao hatujapata kukosa bibi mwenye habari kama hiyo juu ya mjukuu fulani, hatuna haja ya kuuliza zaidi.

Katika Cat Island hapakuwa na umeme wala maji ya mfereji, na takriban watu wote waliokuwa wakionekana njiani walikuwa weusi: mwenye duka, mkulima, mvuvi na mwenye kufundisha watoto. Jambo hili ni la msingi katika kumfahamu. Mtoto alifika umri wa miaka kumi bila ya kufundishwa kwamba rangi yake ni kasoro, na somo la namna hiyo, mtu akilikosa utotoni, ni shida kulitia kichwani mwake ukubwani. Florida ilipofunga milango yake kwa nyanya za Bahama, familia ilihamia Nassau, na huko Sidney aliona motokaa kwa mara ya kwanza, akaona na sinema kwa mara ya kwanza, nayo ilikuwa ya wachunga ng'ombe wa Marekani. Mchezo ulipokwisha alikimbia nyuma ya jengo akangoja, akidhani farasi, ng'ombe na wapanda farasi wote watatokea kwa mlango wa uani.

Alipotimia miaka 15 baba yake, akimwogopea na ujana wa mjini, alimpeleka kwa kaka yake Miami. Kijana alipata kazi ya kupeleka vifurushi, na siku moja alibisha hodi kwenye mlango wa mbele wa nyumba ya Mzungu, kwa kuwa ndiko mlango ulikokuwa. Mama mwenye nyumba akamwamuru azunguke nyuma, naye, kwa kutoifahamu kanuni wala mantiki yake, akakiweka kifurushi kizingitini akaenda zake. Baada ya muda watu wa Ku Klux Klan walifika nyumbani kwa kaka yake kumuuliza. Hakukaa sana Miami baada ya hapo.

New York ilimpokea kama inavyowapokea maskini wote. Aliosha vyombo mahotelini, alilala katika choo cha kituo cha mabasi, alidanganya umri wake akaandikwa jeshini mwaka 1943, akatafuta hila ya kutoka, akatoka, akarudia vyombo vyake. Siku moja, akitafuta tangazo la kazi katika gazeti la Harlem, aliona kuwa American Negro Theatre inatafuta wachezaji, akaona ni kazi kama kazi nyingine, akaenda. Frederick O'Neal, mmoja wa waasisi wa jumba lile, alimpa karatasi asome. Alisoma neno baada ya neno, akikwama kama mtoto wa darasa la kwanza, kwa lafudhi ya visiwani isiyofahamika. O'Neal akamnyang'anya karatasi, akamsukuma mlangoni, akamwambia aache kuwapotezea watu wakati, aende akatafute kazi anayoiweza, kama vile kuosha vyombo. Lililomchoma Poitier ni kwamba hakuwa amemwambia O'Neal anafanya kazi gani. Mtu asiyemjua alikuwa amemtazama kwa dakika chache akausoma mwisho wake wote.

Basi akajitia katika kufundishika. Katika hoteli moja alikofanya kazi palikuwa na mtumishi wa mezani, Myahudi mtu mzima, aliyemwona kijana akiangalia gazeti bila ya kusoma. Na kila usiku, vyombo vikiisha na wageni wakiisha, mzee yule alikaa naye jikoni gazeti likiwa mbele yao, akimwonyesha nukta ni nini na mkato ni nini, na namna neno refu linavyovunjwa vipande ili limezwe. Kazi hiyo ilidumu kwa majuma mengi. Poitier alikuja kuwa mtu mashuhuri, akatamani kumtafuta mwalimu wake amshukuru, lakini hakumpata tena, na katika maisha yake yaliyojaa hiba na medali hilo lilikuwa mojawapo ya majuto yake makubwa. Ama lafudhi, aliiondoa kwa redio: alinunua moja ya bei nafuu, akawa anasikiliza watangazaji na kurudia kila sentensi nyuma yao, hata sauti yake ikapata ule mkato safi, usio wa Bahama wala wa Harlem, uliokuja kutambulika duniani kote.

Aliporudi kwa O'Neal hawakumtaka bado, akajitolea kufagia jumba bila ya malipo ili aruhusiwe kuhudhuria mafunzo. Katika mchezo mmoja walimpa nafasi ya kuwa naibu wa kijana mwingine mwenye asili ya visiwa, mzuri wa sura na mwenye sauti, jina lake Harry Belafonte. Na usiku ambao Belafonte hakuweza kufika, kwa kuwa ilimpasa kufanya kazi ya usafi katika jengo fulani, ndio usiku ambao mwongozaji mmoja wa Broadway alikuja kutazama. Belafonte aliendelea kumtania kwa habari hiyo kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 1946 Poitier alipanda jukwaa la Broadway katika Lysistrata, akashikwa na woga, akayachanganya maneno yake, watu wakacheka wakidhani ndivyo ulivyo mchezo, na asubuhi magazeti yakamsifu yeye na kuuponda mchezo, ambao haukudumu ila siku chache.

Filamu yake kubwa ya kwanza ilikuwa No Way Out ya Joseph L. Mankiewicz, mwaka 1950, ambamo alikuwa tabibu anayemtibu jambazi Mzungu mwenye chuki. Richard Widmark, aliyelazimika kumtukana kwa matusi mazito mbele ya kamera, alikuwa akimwomba radhi kila kamera ilipozimwa. Serikali ya kikoloni ya Bahama iliizuia filamu hiyo isionyeshwe, na watu weusi wa Nassau waliipinga amri hiyo hadharani, hivi kwamba kijana aliyeondoka na nguo zake chache alikuwa, kabla hajatimia miaka 24, amekwisha kuwa jambo la siasa kwao. Mwaka huohuo Zoltan Korda alimpeleka Afrika ya Kusini pamoja na Canada Lee kucheza Cry, the Beloved Country, kwa riwaya ya Alan Paton. Na kwa kuwa sheria za makaburu hazikuwa na fungu la mchezaji mweusi aliye sawa na wenzake, wawili hao waliingizwa nchini kwa hati za vibarua waliofungwa kwa mkataba kwa Korda. Alicheza padri katika nchi ambayo kwa karatasi alikuwa mali ya mtu.

Baada ya hapo kazi ilikauka, akafungua mkahawa wa mbavu za kuchoma huko Harlem, akawa na mke na mtoto na mimba ya pili. Hapa ndipo panapotokea kisa ambacho, kwa maoni yangu, kina uzito kuliko tuzo zake zote. Wakala mmoja, Martin Baum, alimwita ampe sehemu katika filamu The Phenix City Story: mfagizi mwenye ushahidi juu ya majambazi wa mji, ambaye anatishwa asiseme, kisha binti yake mdogo anauawa na maiti yake kutupwa uani kwake, na mfagizi huyo, katika muswada, hafanyi lolote. Hakuna neno chafu la rangi katika sehemu ile, na malipo yalikuwa mazuri. Poitier alisoma, akarudisha karatasi, akasema haitaki. Baum alimuuliza sababu, asimpe jibu la kueleweka, kwa kuwa mwenyewe aliona haya kuisema: alimkumbuka baba yake Reginald, na alijua kuwa Reginald asingekaa kimya. Kisha akaenda kuweka rehani samani za nyumbani kwake ili apate dola 75 za gharama ya hospitali ambako mtoto wa pili angezaliwa. Baum alimwita tena baadaye, akamwambia ya kuwa mtu mwenye wazimu wa namna hiyo anapenda awe wakala wake, na tangu siku hiyo walifanya kazi pamoja.

Kukataa huku kukawa tabia. Baada ya kutamba katika Blackboard Jungle mwaka 1955, shirika la televisheni la NBC lilimtaka katika mchezo A Man Is Ten Feet Tall, na wanasheria wakamwekea hati mezani ya kuwakana Paul Robeson na Canada Lee, wakati ule ambapo Robeson alikuwa amenyang'anywa pasi yake ya kusafiria na Lee alikuwa kaburini. Alikataa kutia saini, akawa tayari kuikosa kazi, na mwishowe wakampa bila ya saini. Mchezo ule ulikwenda hewani moja kwa moja, kama ilivyokuwa desturi ya televisheni ya zama zile, ambapo mchezaji akikosea, taifa zima limemwona amekosea. Na wako watazamaji walioghadhibika wakadhani mwanamke aliyekuwa mkewe katika mchezo, Hilda Simms, ni Mzungu, kwa weupe wa ngozi yake. Mwaka 1957 ulifanywa filamu, Edge of the City, na mwaka 1958 ikafuata The Defiant Ones ya Stanley Kramer, ambamo yeye na Tony Curtis ni wafungwa watoro waliofungwa mnyororo mmoja. Kwa filamu hiyo alikuwa mtu mweusi wa kwanza kutajwa kugombea Oscar ya mchezaji mkuu wa kiume. Mwishoni anajirusha kutoka kwenye gari moshi asimwache mwenzake Mzungu. Na James Baldwin aliandika kwamba watazamaji wa katikati ya mji walishangilia, ilhali wa Harlem walimpigia kelele arudi kwenye treni, mpumbavu we. Nadhani Harlem ilikuwa na haki.

Mwaka 1959 ulikuwa mwaka wake wa baraka. Mwezi Machi alifungua A Raisin in the Sun, tamthilia ya Lorraine Hansberry, akicheza Walter Lee Younger, dereva wa tajiri, mwenye ndoto na hasira na udhaifu, na hakuna mahali pengine alipopewa mtu mzima hivyo wa kumcheza. Na katika mwaka huohuo Tom Mboya alipokuwa akizunguka Marekani kutafuta nauli za wanafunzi wa Kenya waliopata nafasi vyuoni, waliotia saini barua ya kuwaomba Wamarekani michango walikuwa watatu: Harry Belafonte, Jackie Robinson mcheza besiboli, na Sidney Poitier. Mwezi wa Septemba ndege iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Yule aliyekuwa amecheza Mkikuyu katika sinema ya walowezi sasa alikuwa akiwatafutia watoto wa Wakikuyu, Wajaluo na wengineo karo na nauli, na miongoni mwa waliofuata mwaka 1960 alikuwamo Wangari Maathai. Barack Obama mkubwa naye alikwenda Hawaii mwaka 1959, ingawa si kwa ndege ile; na mwaka 2009 mwanawe, akiwa Rais, ndiye aliyemvika Poitier Nishani ya Uhuru.

Oscar ilikuja kwa njia ya filamu ndogo. Lilies of the Field ya Ralph Nelson ilipigwa kwa muda wa siku 14 karibu na Tucson, Arizona, kwa fedha kidogo sana, hata Poitier akakubali kupunguza ujira wake ili apate fungu katika faida. Ni kisa cha fundi msafiri anayewajengea masista wasemao Kijerumani kanisa jangwani. Chepesi na kitamu, na kwa hakika si kazi yake bora. Tarehe 13 Aprili 1964, katika ukumbi wa Santa Monica, Anne Bancroft alilitaja jina lake, akambusu shavuni alipopanda, na busu hilo nalo likawa habari magazetini. Hattie McDaniel alikuwa ameipata Oscar mwaka 1940 kwa sehemu ya mtumishi wa nyumbani, akiwa ameketishwa katika meza ya peke yake. Baada yake hakuna mchezaji mweusi aliyeshinda kwa ushindani mpaka usiku huo, na kwa sehemu kuu ya kiume hakupatikana mwingine mpaka Denzel Washington mwaka 2002, usiku uleule ambao Poitier alipewa tuzo ya heshima kwa kazi yake yote.

Miezi minne baada ya kupewa sanamu ile ya dhahabu, Belafonte alimpigia simu. Vijana waliokuwa wakiandikisha watu weusi kupiga kura Mississippi walikuwa wameishiwa. Wenzao watatu walikuwa wameuawa na maiti zao kufukuliwa tarehe 4 Agosti. Na Belafonte alikuwa amechanga dola 70,000 taslimu ambazo hapakuwa na njia nyingine ya kuzifikisha ila kuzibeba. Hoja yake kwa rafiki yake ilikuwa ya wazi: mmoja akienda wanaweza kumwua, wakienda wawili maarufu watapata taabu zaidi kuamua. Waliteremka usiku Greenwood kwa ndege ndogo, mkoba wa fedha mkononi, vijana wakawapokea kwa motokaa, na mara gizani ng'ambo ya uwanja zikawaka taa za magari. Belafonte alifurahi akadhani ni wenyeji wao wengine. Kumbe walikuwa Klan. Gari moja la mizigo liliwagonga kwa nyuma mara kwa mara njiani, na dereva hakukubali kuwapisha wala kusimama, kwa kuwa angesimama wangepigwa risasi, hata msafara wa wenzao ukatoka mjini kuwalaki. Ukumbini watu waliimba mpaka wakalia. Usiku ule wawili hao walilala kitanda kimoja, na nje walikuwako walinzi wenye bunduki.

Haishangazi basi kwamba Norman Jewison alipomtaka mwaka 1966 kwa filamu In the Heat of the Night, ambayo mambo yake yanatokea Mississippi, Poitier alisema hatakwenda kusini. Mji wa Sparta, Illinois, ukawekwa badala yake. Palihitajika mashamba ya pamba kwa siku chache, wakaenda Tennessee, naye alilala na bastola chini ya mto. Hapo ndipo tulipopatazamia tangu Kenya. Virgil Tibbs, mpelelezi kutoka Philadelphia, anamtembelea Endicott, bwana mkubwa wa mji, katika nyumba ya vioo anamooteshea okidi. Wanazungumza kwa adabu juu ya maua. Bwana anasema okidi fulani, kama watu weusi, wanahitaji kulelewa. Kisha anatambua kuwa anahojiwa kama mshukiwa yeyote, anainua mkono, anampiga Tibbs kofi. Kofi la Tibbs linarudi kabla sauti ya lile la kwanza haijafa. Mtumishi mweusi amesimama na sinia la vinywaji, hajui pa kuyaweka macho yake. Katika riwaya ya John Ball kofi hilo la marejeo halimo, na Poitier alisema baadaye kuwa alishurutisha liwemo na lisikatwe katika nakala yoyote, hata zile za kusini. Endicott, wageni wakiisha kuondoka, analia. Na sidhani kwamba palikuwa na machozi yaliyotazamwa kwa furaha zaidi katika majumba ya sinema ya mwaka 1967.

Mwaka huo alitoa tatu: hiyo, To Sir, with Love, kwa kitabu cha E. R. Braithwaite wa Guyana, alimokuwa mwalimu katika mashariki ya London, ambayo ilipendwa mno pia katika sinema za Afrika. Na Guess Who's Coming to Dinner, ambamo ni tabibu anayetaka kuoa msichana wa Kizungu. Filamu hiyo ya tatu ilipigwa wakati ndoa ya namna hiyo ingali haramu katika majimbo kadhaa, na Mahakama Kuu ikaivunja sheria hiyo tarehe 12 Juni, siku mbili baada ya kufariki Spencer Tracy, aliyecheza baba wa msichana. Wenye majumba ya sinema Marekani walimtaja Poitier mwaka 1968 kuwa mchezaji anayeleta watu wengi kuliko wote. In the Heat of the Night ilipata Oscar ya filamu bora katika sherehe iliyoahirishwa kwa siku mbili kwa sababu ya maziko ya Martin Luther King. Rod Steiger, Mzungu wa filamu hiyo, alishinda ya mchezaji bora. Poitier, aliyetoa kofi, hakutajwa hata miongoni mwa wagombea.

Na katikati ya neema hiyo likaja shutumu. Clifford Mason, mwandishi wa tamthilia, aliuliza katika New York Times mwezi Septemba 1967 kwa nini Wazungu wanampenda Poitier kiasi hicho, na akajibu mwenyewe: kwa sababu anacheza daima mtu yuleyule asiye na waa, asiye na mke wala hamu wala jamaa zake, aliyezaliwa ili kutatua shida za Wazungu. Maneno yalikuwa makali na kwa sehemu yalikuwa ya haki, kwani yule tabibu wa Guess Who's Coming to Dinner amekamilika mno hata huwezi kumpenda. Ila Mason aliyapima matunda bila kutazama mti: kwa miaka kumi na mitano mchezaji huyo alikuwa peke yake, na mtu anayewakilisha mamilioni peke yake hana ruhusa ya kucheza mwizi, ilhali Steiger aweza kucheza mwizi leo na askari kesho, wala hapana anayesema Wazungu ndivyo walivyo. Poitier aliumia, akafikiri, akaondoka mbele ya kamera polepole akahamia nyuma yake.

Filamu alizoongoza hazina uzito wa zile alizocheza, wala hakukusudia ziwe nao. Buck and the Preacher ya mwaka 1972 aliichukua katikati, baada ya kutoafikiana na mwongozaji wa kwanza, Joseph Sargent. Vikafuata vichekesho alivyocheza pamoja na Bill Cosby. Na Stir Crazy ya mwaka 1980, yenye Richard Pryor na Gene Wilder, iliingiza zaidi ya dola milioni 100. Katikati ya hayo alirudi Kenya. Mwaka 1975 ilionyeshwa The Wilby Conspiracy, habari ya mwanamapinduzi anayekimbizwa na polisi wa Afrika ya Kusini akiwa na Mwingereza aliyeingia matatani bila kutaka, ambaye ni Michael Caine. Na kwa kuwa Pretoria isingeruhusu filamu hiyo katika ardhi yake, ilipigwa Kenya iliyo huru, nchi ileile alimokuja kuwa Kimani.

Televisheni, iliyomlea kijana, ndiyo iliyompa uzee wenye heshima. Mwaka 1991 shirika la ABC lilionyesha Separate but Equal, kwa usiku mbili, naye akawa Thurgood Marshall, wakili aliyeshinda kesi ya shule za ubaguzi mwaka 1954. Upande wa pili alikuwa Burt Lancaster, katika kazi ya mwisho ya maisha yake. Marshall halisi alikuwa angali hakimu Washington wakati mchezo ukionyeshwa. Wakenya wana deni lao kwa mtu huyo, kwani mwezi Januari 1960 alikwenda Lancaster House, London, kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya, akawaandikia rasimu ya haki za raia zilizolinda hata mali za walowezi. Poitier anamcheza kwa utulivu mkubwa, akiwa na miwani na mafaili, na sehemu nzuri kuliko zote ni zile za usiku ofisini, ambapo mawakili waliochoka wanabishana juu ya neno moja.

Miaka sita baadaye alikuwa Nelson Mandela, katika Mandela and de Klerk. Michael Caine alikuwa de Klerk. Mwongozaji alikuwa Joseph Sargent, yuleyule waliyeachana naye katika Buck and the Preacher miaka 25 iliyotangulia. Na safari hii walipiga picha Afrika ya Kusini kwenyewe, ambako mchezaji aliingia kwa jina lake na kazi yake vikiwa wazi katika karatasi, na hapakuwa na bwana wa kumdhamini. Hafanani na Mandela kwa sura, wala hakujisumbua kumwiga sauti mpaka mwisho. Alichokichukua ni namna mzee yule alivyokuwa akingoja kabla ya kujibu, na kungoja Poitier alikujua.

Alicheza mara ya mwisho mwaka 2001, katika filamu ya televisheni iitwayo The Last Brickmaker in America, akiwa na umri wa miaka 74. Kuanzia mwaka 1997 hata 2007 alikuwa balozi wa Bahama nchini Japani, akiiwakilisha nchi iliyopata uhuru tarehe 10 Julai 1973 na ambako daraja moja la Nassau sasa linaitwa kwa jina la Poitier. Mwaka 2013, akiwa na miaka 86, alitoa riwaya, Montaro Caine, ambayo wahakiki hawakuijali sana. Alifariki Los Angeles tarehe 6 Januari 2022.